Chemchemi za Mzima zina nini cha kuwaonyesha watoto zaidi ya viboko? Wazazi wanataka jibu

BabaKisauni

Salaam aleikum na habari zenu nyote. Niko kwenye kamati ya wazazi ya shule moja ya msingi hapa Mombasa, tunapanga safari ya gredi ya sita kwenda Tsavo West likizo ijayo. Mwalimu wa sayansi anataka asubuhi yote iwe ya Chemchemi za Mzima. Wazazi wengi wamekataa, wasema pesa za basi na tikiti za geti wazitoa watoto waone simba na ndovu, si kwenda kusimama kando ya bwawa viboko wamelala. Mzazi mmoja akaandika kwenye grupu, "maji ya Mzima si twayaona kwenye mfereji, yakija." Na hapo kila mtu akanyamaza manake mwajua hali ilivyo huku kwetu, mfereji wakauka siku na siku twanunua mitungi ya mkokoteni.

Mimi niko upande wa mwalimu lakini kueleza nashindwa. Nnachojua ni kwamba maji yaja Mombasa kwa paipu tangu enzi za mkoloni, na kwamba kuna viboko na mamba, basi. Naomba mnisaidie: lile bwawa lina thamani gani hasa, kwa upande wa asili na kwa upande wa historia na watu wa pale? Maji yenyewe yatoka wapi na sehemu ile yote ni kavu? Na mtoto wa miaka kumi na moja akifika pale ataona kitu cha kumuingia kichwani? Barua kwa wazazi yatakiwa itoke kabla ya Ijumaa.

DerevaMtito

Kaka pole na kamati. Mimi naendesha magari ya wageni kutoka Mtito Andei na Mzima napajua vizuri, ni kama kilomita 48 kutoka geti la Mtito. Nikwambie kitu kimoja cha kuwaambia wazazi kwanza kabisa: sehemu nyingi za mbuga mtoto hashuki garini. Mzima anashuka. Mnapewa askari wa KWS, lile shirika la wanyamapori, mwenye bunduki, mnatembea kwa miguu kwenye njia ya kando ya maji chini ya miti mikubwa, mtoto anasikia maji, anasikia ndege, anasikia kiboko akipumua. Simba wa garini ni dakika tano halafu amejificha nyuma ya kichaka, na wakati mwingine hamumuoni kabisa siku nzima na hakuna wa kumlaumu.

Alafu kuna kile chumba cha chini ya maji, kilijengwa 1969, ni kama tenki la chuma lenye madirisha limezamishwa bwawani, unashuka ngazi unajikuta uko usawa wa samaki. Maji ni meupe mpaka unaona mbali. Samaki wanakuja mpaka kwenye kioo wanakuangalia. Ukibahatika na kiboko akapita, ndipo utaona vile anavyotembea, haogelei, anakanyaga chini ya bwawa pole pole anajirusha mbele kwa mguu, kila anapokanyaga vumbi la matope linafumka na samaki wanamfuata nyuma wakiokota kilichofumka. Wengine wanamlamba ngozi, wanakula ule ukoga. Viboko hawaji kila siku usawa wa kioo, hiyo nisiwadanganye watoto, lakini samaki wapo daima.

Na hapo ndipo somo la sayansi lilipo. Kiboko usiku anatoka anakula nyasi, kilo arobaini anaweza kumaliza kwa usiku mmoja, asubuhi anarudi majini na anajisaidia mle mle. Ile mbolea inalisha wadudu wadogo wa majini na konokono, wadudu wanalisha samaki, samaki wanalisha mamba, mnandi, korongo, fisi maji, kila mtu pale. Kwa hivyo lile bwawa linalishwa na nyasi za nje, kiboko ndiye mbebaji. Ukame wa 2009 ulionyesha jambo hilo vibaya sana. Maji ya Mzima hayakukauka, bwawa lilikuwa limejaa vile vile, lakini nyasi za kuzunguka ziliisha na viboko wakafa kwa njaa wakiwa ndani ya maji masafi. Mtu aliyeona mizoga ile hawezi tena kusema Mzima ni maji tu.

DadaKibwezi

Dereva ameeleza vizuri ya bwawani, mimi naomba niseme ya juu, kwa sababu swali la "maji yatoka wapi" ndilo kubwa na watu wengi wa Mombasa hawalijui na hawana makosa hakuna mtu amewaambia.

Maji ya Mzima yanatoka Chyulu. Vile vilima unaviona ukiwa barabara kuu ya Nairobi upande wa magharibi ukipita Kibwezi na Makindu, vimejipanga mstari mrefu karibu kilomita mia moja, kilele kinapita mita 2,100 na kitu. Ni volkano changa sana, mawe yake na majivu yake yana matundu matundu mpaka hakuna mto hata mmoja unaotiririka kule juu. Nimekulia chini ya vilima hivi, mvua inanyesha kubwa na baada ya saa moja ardhi ya juu haina hata dimbwi, yote yameingia chini. Yanachujwa kwenye mwamba, yanatembea gizani kama kilomita 50 hivi, wanasema yanaweza kukaa huko chini miaka 25 kabla ya kutokea Mzima. Kwa hivyo mwambie mtoto wako wa gredi ya sita maji anayokunywa leo yalinyesha kabla yeye hajazaliwa, labda hata mama yake alikuwa bado shule.

Sasa shida yetu ni hii. Juu kwenye vilele kuna msitu wa ukungu, asubuhi ukungu unapanda kutoka tambarare unashika kwenye majani na kuvumwani, ule ukoga wa matawini, unadondoka tone tone hata kama hakuna mvua. Ukikata ule msitu umekata hiyo mvua ya pili. Na umekatwa. Watu wamechoma makaa, wamepanda miraa, wamechunga ng'ombe ndani, na moto wa kiangazi ukianza kwenye nyasi unapanda mpaka msituni. Chyulu ilifanywa hifadhi ya taifa 1983, iko na walinzi, na siku hizi kuna mradi wa hewa ukaa unaolipa jamii zinazozunguka ili msitu ubaki, lakini njaa haina likizo na gunia la makaa linauzwa siku hiyo hiyo kando ya lami. Lori linapakia linaenda Nairobi, linaenda Mombasa. Nawaomba wazazi wa Kisauni wafikirie hilo jiko la makaa lililoko jikoni kwao, na mfereji ulio pembeni yake, vyote viwili vinatoka kwenye kilima kimoja.

Na si Mzima peke yake. Umani hapa msitu wa Kibwezi, chemchemi za Makindu, zote ni mama mmoja. Sisi tunanywa huko.

MwanaVoi

Asante dada kwa hayo ya Chyulu. Mimi ni Mtaita na nimesoma swali la "historia na watu wa pale" nikangoja nione kama kuna mtu atatutaja.

Mzima iko kaunti ya Taita Taveta. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo, iliyowekwa mpaka 1948, na wazee wetu waliokuwa wakichunga, kuwinda, kurina asali na kuchota maji sehemu zile waliambiwa watoke. Hata Wakamba, hata Waata, wale wawindaji wa upinde mkubwa ambao walijua pori la Tsavo lote mpaka Galana kuliko ramani yoyote, miaka ya 1950 walifungwa jela kwa wingi kwa kesi za ujangili na maisha yao ya zamani yakaisha hapo. Kila kisima cha asili kule ndani kilikuwa na watu wake na njia zake, nyayo za misafara kutoka pwani kwenda bara zilifuata maji. Mtu akisema Mzima ni "pori lisiloguswa" anatufuta.

Alafu paipu likachimbwa, likapita kwenye ardhi yetu, safari yake yote mpaka Mombasa kilomita zaidi ya 200. Kuna vijiji kwetu mama anatembea na punda tangu alfajiri kutafuta maji na paipu la Mzima linapita chini ya miguu yake. Viongozi wetu wamedai kwa miaka kaunti ipate mgao wa mapato ya yale maji na hilo dai ni la haki, silioni kama siasa hata kidogo. Ndovu wanashuka kutoka mbugani wanakula mahindi, wanavunja matenki wakitafuta maji, hiyo gharama tunabeba sisi.

Sisemi haya kuwachokoza watu wa Mombasa. Nasema kwa sababu Baba Kisauni ameuliza kwa moyo mzuri. Kwenye barua yako andika jina la kaunti, andika kwamba watoto watapita Voi, na ikiwezekana msimame Voi mkutane na shule yetu moja watoto wazungumze. Hilo litawaingia zaidi ya simba.

Mkaaji_Likoni

Jamani mimi naona tumezungukazunguka sana. Maji kwanza. Mombasa ina watu zaidi ya milioni moja na kila mwaka wanazidi, na ile laini ya pili ya Mzima imezungumzwa tangu tukiwa vijana mpaka tumeota mvi haijafika. Dereva amesema bwawa halikukauka hata 2009, basi maji yapo, yavuteni. Viboko niwaheshimu lakini mtoto wangu anaenda shule bila kuoga. Mkishamaliza kuwaonyesha watoto samaki waonyesheni pia laini iliyoahidiwa.

FundiPaipu

Bwana Likoni hoja yako ina uzito na mtu asikubeze, nimefanya kazi za maji miaka mingi hapa pwani na najua kilio hicho. Lakini wacha tuweke hesabu mezani.

Mzima inatoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Laini iliyoko sasa inabeba kama milioni 35. Ukiangalia hivyo tu utasema kuna maji chungu nzima yanapotea bure. Hayapotei! Yakitoka bwawa la juu yanateremka kwenye maporomoko madogo yanaingia bwawa la pili, halafu yanakutana na ulimi wa lava yanazama tena, yanaibukia mbele na kuingia mto Tsavo. Kiangazi kikali mto Tsavo kwa sehemu kubwa NI Mzima. Mto Tsavo unakutana na Athi ndani ya mbuga na hapo jina linakuwa Galana, Galana ikikaribia pwani inaitwa Sabaki, na kandokando ya Sabaki kuna visima vya Baricho, ambavyo vinavuta maji yaliyojichuja kwenye mchanga wa mto. Baricho ndiyo inalisha Malindi, Kilifi na sehemu kubwa ya Mombasa kaskazini, inatoa zaidi ya laini ya Mzima yenyewe.

Kwa hivyo Baba Kisauni, huko Kisauni kwako ni rahisi zaidi kuwa unakunywa Mzima kupitia Baricho kuliko kupitia ile paipu ya zamani. Ukivuta mengi juu, unapunguza chini. Na katikati hapo kuna ndovu wa Tsavo wote, kuna wafugaji, kuna wakulima wa Sabaki. Sisemi laini ya pili isijengwe. Nasema ijengwe baada ya kupima mto unabaki na nini mwezi wa kumi, na kaunti ya Taita Taveta ipate sehemu zake za kuchukulia maji njiani, kama alivyosema MwanaVoi.

Jambo lingine ambalo laniuma zaidi: ripoti za sekta ya maji kila mwaka zinaonyesha karibu nusu ya maji yanayoingia mjini Mombasa hayafiki kwenye mita ya mtu anayelipa. Paipu zimeoza zinavuja, na watu wanajiunganishia. Tukiziba nusu ya hiyo nusu tumepata maji bila kugusa Chyulu wala kiboko.

Na kwa watoto: wakifika waulizeni "paipu iko wapi?" Hawataiona. Wakati wa kujenga miaka ya 1950 watu wa mbuga walipigana sana bwawa lisiharibiwe, wahandisi wakaenda kuyakinga maji chini ya lava kabla hayajatokeza. Ndiyo sababu mpaka leo unasimama pale unaona mafunjo na miwale na mikindu na huoni simenti. Ile ni kazi ya uhandisi ambayo mimi naiheshimu mpaka leo.

Mkaaji_Likoni

Fundi hiyo ya Baricho sikuijua. Nimekuelewa. Lakini hiyo nusu inayovuja ndiyo iandikwe kwa herufi kubwa.

MwalimuMstaafu

Nimefurahi kusoma. Niongeze kidogo upande wa historia manake Fundi ametaja mto Tsavo na hakuna aliyeunganisha. Daraja la reli la mto Tsavo, lile la simba wawili waliokula wajenzi 1898, maji yaliyokuwa yakipita chini yake ni haya haya ya Mzima. Reli ilijengwa na vibarua wengi kutoka India na wengine wa hapa hapa pwani, na walipiga kambi pale kwa sababu mto ulikuwa na maji yasiyokauka katikati ya nyika. Wale simba wenyewe wako Chicago kwenye jumba la makumbusho, watoto wetu hawawezi kuwaona, lakini mto uko.

Kisha Vita vya Kwanza. Wajerumani waliingia Taveta 1914 wakakaa mpaka 1916, na shabaha yao ilikuwa kuikata reli ile ile, reli ya Uganda. Kikosi kikitoka Taveta kwenda kwenye reli kitapita wapi bila kufa kiu? Kinafuata mto Tsavo. Ndiyo Waingereza wakaweka kambi ya ulinzi Mzima. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na wapagazi, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu kutoka vijiji vya pwani na bara, ndio waliobeba vita ile mgongoni, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Familia nyingi za Mombasa zina babu aliyekuwa Kariakoo, kile kikosi cha wapagazi. Mtoto akisimama Mzima anaweza kuwa amesimama mahali babu wa babu yake alijaza kibuyu, na majina ya wengi wa wale wapagazi hayajulikani.

BabaKisauni

Wallahi sikutarajia haya yote, nawashukuru sana kila mmoja. Nimekaa na mwalimu wa sayansi jioni hii, tumeandika barua upya. Tumeacha kabisa kushindana na simba. Tumeanza na swali la DadaKibwezi la maji yaliyonyesha kabla mtoto hajazaliwa, kisha Baricho, na sehemu ya Taita Taveta imeandikwa kwa jina, MwanaVoi nimekutumia ujumbe binafsi kuhusu ile shule. Mwalimu atawapa watoto kazi ya kuchora safari ya maji kutoka Chyulu mpaka mfereji wa nyumbani, njia zote mbili, na kuuliza nyumbani kama kuna babu aliyekwenda vitani.

Maswali mawili ya mwisho. Basi la shule la watu hamsini laweza kufika mpaka pale kwenye lava ya Shetani, au hiyo njia ni ya gari dogo tu? Watoto wakiuona ule mwamba mweusi nafikiri wataelewa maji yazama vipi. Na chakula cha mchana twaweza kula Mzima?

DadaKibwezi

Lava ya Shetani wapelekeni kabisa. Ililipuka katikati ya karne ya 19, wazee waliona moto unatoka ardhini wakasema ni shetani mwenyewe, na hadi leo kuna wazee wetu wanaosema usiku husikika sauti za waliofunikwa pale na zamani walikuwa wakiwapelekea chakula. Mtoto aokote jiwe moja alishike, ni jepesi na limejaa matundu, mwalimu amwage maji ya chupa juu yake waone yanavyopotea. Kisha alirudishe pale pale, kutoka na jiwe hairuhusiwi.

DerevaMtito

Njia ya Shetani upande wa geti la Chyulu basi hupita kiangazi, ikinyesha ulizeni getini asubuhi kabla ya kuingia. Chakula msile Mzima, wale tumbili wa pale kwenye maegesho wamezoea watu, wananyang'anya mkate mkononi mwa mtoto na wana meno. Fungeni madirisha ya basi yote mkishuka. Fikeni Mzima kabla ya saa tatu asubuhi maji yakiwa yametulia, washukeni kwenye kile chumba kwa makundi madogo ya watoto sita sita kwa sababu ni kidogo, na wengine wakingoja askari awaonyeshe mamba kwenye kingo ya pili. Chakula mle mkitoka, njiani kurudi Mtito. Na mwambie yule mzazi wa grupu na yeye aje, nafasi ya mbele kwenye basi huwa ipo.